Gari la Baba Mkwe

Jumatatu asubuhi kinyozi alivaa suruali yake ya kazini, ikaburuta sakafuni.

"Mama, umeshusha pindo la hii suruali?"

"Nishushe lini?" mkewe alijibu. "Nashinda nafua mashuka ya hospitali, nikirudi nafua yenu. Pindo nitaliona saa ngapi?"

Hata hivyo aliinama akaipima kwa vidole. Suruali ilikuwa ileile. Aliyepungua ni mumewe, kama upana wa kiganja hivi, na mgongo wake ulikuwa umeanza kupinda kama wa mtu aliyebeba gunia.

Jana yake kinyozi na mdogo wake, fundi wa kuchomelea ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche, walikuwa wamekata springi za gari ili likae chini. Gari lenyewe lilikuwa la marehemu baba wa mke, na tangu mzee alipofariki lilikuwa limelala uani chini ya turubai. Mzee alikuwa na kituko chake: hakufungua boneti bila kuligonga na kusema hodi. Wanawe walimcheka mpaka akazikwa, na baada yake hakuna aliyelibishia hodi tena. Kinyozi, kwa upande wake, alitazama video kwenye simu, akaona kila kitu kinawezekana kwa mwenye spana.

"Kizee hiki," Cheche alisema huku akipiga bodi kofi, "tutakirudisha ujanani."

Jumatano walikata sailensa, wakaweka bomba tupu ili gari lingurume. Liliponguruma, watoto wachanga wa nyumba ya pili waliangua kilio. Kesho yake kinyozi alifungua kinywa kumwuliza mteja aliyekuwa akimnyoa, na kilichotoka ni mngurumo uliotikisa chupa za mafuta kwenye rafu. Mteja aliinuka kitini kidevu nusu kikiwa na povu, akaondoka na taulo la watu.

"Mafua," kinyozi alimwambia mkewe. Neno lilitoka likikwaruza, na pumzi yake ilinuka petroli.

Ijumaa wakabandika tinti nyeusi kwenye vioo vyote vya gari.

Jumamosi mchana, jua likiwa utosini, kinyozi alikaa sebuleni akauliza, "Mama, mbona mmefunga madirisha?"

Madirisha yalikuwa wazi. Mkewe alimshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga. Weupe wa macho yake ulikuwa umeingia moshi, mweusi kingoni na kahawia katikati, kama kioo cha taa isiyofutwa.

Alihesabu kimya: springi na mgongo, sailensa na koo, vioo na macho.

"Mmebakiza kitu gani?" aliuliza taratibu.

"Injini tu. Cheche amepata nyingine, ina nguvu maradufu. Tunaifunga kesho."

"Hamfungi kitu."

Alimpigia simu mganga aliyewahi kumtibu mama yake. Mganga alikuwa sokoni, na kelele za wauzaji zilisikika nyuma yake.

"Jini huyo wa gari hana njaa, mwanangu," alisema baada ya kusikiliza. "Mwenye njaa ningempa anachotaka akaenda zake. Huyo ana kisasi. Kila mnachomtoa, anakitoa kwa mumeo. Injini isiguswe mpaka nifike."

"Unafika lini?"

"Nipo safarini. Keshokutwa. Isiguswe, umenisikia?"

Mke alimwapisha mumewe, akazificha spana zote chini ya unga. Kulipokucha alikwenda zamu, kwa sababu zamu haimngoji mtu mwenye jini. Hakukumbuka kwamba Cheche ana spana zake.

Aliporudi alasiri, harufu ya petroli ilimpokea barabarani. Injini ilikuwa hewani, ikining'inia kwenye mnyororo wa winchi, oili ikidondoka mchangani. Chini yake mumewe alikaa kwenye kigoda, akipapasa kikombe cha chai, uso umemng'aa.

"Nilimwambia Cheche aendelee," alikoroma. "Usimlaumu. Sijawahi kujisikia mwepesi hivi."

Mkewe alimwekea kiganja kifuani. Akakihamisha. Akaweka sikio. Hamkuwa na kitu mle ndani, hata mtetemo, ila baridi ya bati lililolala nje. Na wakati bado ameegemeza sikio kwenye kifua cha mtu anayemeza chai, alisikia kutoka juu, ndani ya lile dude la chuma lisilo na waya wala betri, kitu kikigonga, du, du, kikinyamaza, kikigonga tena, na kila kikinyamaza kilichelewa zaidi kurudi.

"Rudisha," alimwambia Cheche.

"Shemeji, mbona nimeshafungua kila..."

"Rudisha kabla sijakupasua kichwa."

Cheche alipanda kushika mnyororo, na alipoisikia ile du kwa sikio lake mwenyewe, akaanza kuishusha injini mbio. Walifunga mpaka jua likainama, yeye akikaza nati huku machozi yakimtoka, shemeji yake akimshikia mabomba na waya, na nyuma yao kinyozi akizidi kuwa wa kijivu, kichwa kikimwangukia kifuani. Boneti lilipofungwa, mke aliligonga.

"Hodi," alisema. "Hodi, mwenyewe."

Kinywa cha mumewe kilifunguka, midomo haikuchezacheza.

"Baba yako alibisha hodi. Huyu alikuja na msumeno."

"Tusamehe. Tumekurudishia."

"Nilikuwa nimelala."

Mke aliingia garini akazungusha ufunguo. Injini ilikohoa, ikakohoa, ikashika. Na kule kwenye kigoda mumewe akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyetolewa kisimani. Alimkimbilia, akamshika kifua. Moyo ulidunda, sawasawa na injini, pigo kwa pigo.

"Yuko hai!" Cheche alicheka na kulia kwa pamoja. "Shemeji, yuko hai!" Na kama fundi yeyote aliyemaliza kazi, aliingiza mkono dirishani akazima gari.

Kinyozi alidondoka kama shuka lililokatikiwa kamba.

Mkewe alimsukuma Cheche, akazungusha ufunguo kwa mikono miwili. Mngurumo uliporudi, mumewe alikuwa kifudifudi mchangani, na vidole vyake vikaanza kujikunja kimoja kimoja. Aligeuza uso. Sauti iliyotoka haikukwaruza, ilikuwa laini, karibu ya kubembeleza.

"Mimi mmeniamsha. Na yeye asilale."

Cheche alirudi nyuma mpaka akagonga ukuta. Mke hakutoka garini. Alishikilia ufunguo usije ukaguswa, akatazama mshale wa mafuta. Ulikuwa umeshafika kwenye nyekundu.

"Shemeji," aliita, kwa sauti ileile anayowatuma nayo watoto dukani. "Kimbia kachukue dumu, ukanunue petroli."

"Dumu gani?"

"Madumu yote."