Wino Kwenye Kidole cha Kiende

Sista Marcella alikuwa amelala kifudifudi kwenye mtaro kati ya mashamba mawili ya viazi, kiatu kimoja mguuni, kingine kimemezwa na tope la Kibirichia. Kisanduku cha baridi, kile cha kubebea chanjo, kilikuwa bado kinaning'inia begani mwake. Kilikuwa kitupu. Chupa zote zilikuwa zimemwagwa juu ya jiwe na kupondwa kwa kisigino hadi zikawa kama chumvi.

Inspekta Nelius Kivuti alichuchumaa kando ya maiti. Alikuwa mzaliwa wa Kiritiri, kule jua linakochoma mbuzi mgongoni, na miaka yote aliyofanya kazi Meru hakuwahi kuisamehe baridi ya huku juu. Chini ya koti alikuwa na sweta mbili.

"Mkoba, Mwiti?"

"Uko, Afande. Pesa ziko, hata simu iko," alijibu Konstebo Mwiti.

"Basi mwizi wetu ni mjinga kukushinda. Au si mwizi."

Mwiti alicheka kidogo, akakumbuka yuko mbele ya nani, akanyamaza.

Jeraha lilikuwa moja tu, kisogoni. Pembeni palikuwa na vibanzi vya mti uliovunjika, mti uliolainishwa na viganja vya miaka mingi. Nyayo za gambuti, viatu vya mpira vya shambani, zilikuja na kuondoka, na kisigino cha kushoto kilikuwa na mkato. Nelius alivifunga vile vibanzi kwenye mfuko wa vielelezo. Zile nyayo akaagiza zipigwe picha kabla mvua haijazifuta.

Barabarani alikuwa amesimama Ednah, muuguzi aliyekuwa akizunguka na marehemu nyumba kwa nyumba kuchanja watoto dhidi ya surua. Alikuwa amelia mpaka sauti imekauka.

"Nani alikuwa na ugomvi naye?"

"Tarafa nzima, Afande. Tangu Kiende wa Bundi afe wanasema sindano ndiyo ilimuua. Wamama wanafungia watoto ndani wakituona. Na surua iko, inatembea. Kama hakuna mtu atasema huyo mtoto aliuawa na nini, tutazika wengine."

Watoto wawili walikuwa wamesogea kuchungulia. Nelius aliwanyooshea mkono awasalimu, akawazuia kwa mwili wake wasione mtaro. Msichana mdogo alimpa mkono wa kulia, kichwa chini, kwa adabu.

"Na wewe umechanjwa?"

Mtoto alimwonyesha ule mkono mwingine. Ukucha wa kidole cha mwisho ulikuwa na wino mweusi uliochujuka.

"Ni wa kushoto kila mara tunaopaka tukishachanja," alisema Ednah. "Ukimwambia mtoto wa huku alete mkono, anakupa wa kulia. Ndivyo wamelelewa, huwezi kumpa mtu mkubwa wa kushoto. Marcella alikuwa anawaambia, 'Ule mwingine, mwanangu.' Siku nzima, kila mtoto. Hakuwahi kuchoka." Akaanza kulia upya.

*

Kwa Bundi palikuwa na kaburi jipya nyuma ya nyumba, na maua yake hayajanyauka yote. Bundi alitoka akiwa na gambuti zinazong'aa.

Nelius alizitazama, kisha akajitazama mwenyewe, tope hadi magotini. "Baba Kiende, wewe peke yako ndiye msafi Kibirichia yote. Hebu tufundishe."

"Nilikuwa Makutano kuuza viazi. Huwezi kwenda mjini na matope."

"Ulirudi lini?"

"Jana jioni."

"Ulimwona Sista Marcella?"

"Mimi nimtafutie nini?"

Kwenye ukuta wa jikoni liliegemea jembe la meno matatu, la kuchimbia viazi. Chuma kilikuwa kimeliwa na udongo hadi kikawa chembamba, lakini mpini ulikuwa mweupe, bado unanukia utomvu. Nelius hakuuliza. Alimkonyeza tu Mwiti alitazame.

Gacheri, mke wa Bundi, aliwaletea chai huku mtoto wa kiume, Kithinji, akiwa amemshika sketi. Alimimina chai hadi ikafurika sahanini. Mezani palikuwa na picha ya Kiende, ile iliyobebwa mbele ya jeneza. Alikuwa amevaa gauni la Jumapili. Mkono wa kulia ulikuwa kifuani, kama anayeapa, na meno mawili ya mbele yalikuwa hayapo.

"Picha ilipigwa lini?"

"Jumapili baada ya sindano," alisema Gacheri, macho chini.

"Tunaiazima, mama. Itarudi."

Bundi alikohoa. "Afande, mimi ndiye nilisema apelekwe. Mama yake hakutaka, watu wa maombi walikuwa wamemwambia sindano inafunga kizazi cha wasichana. Nikasema, mtoto wangu ataenda. Jioni nikakuta kidole na wino, nikafurahi. Kisha vipele vikaja. Vikaisha. Tukasema ahsante Mungu. Halafu akaanza kuanguka akitembea. Akasahau jina langu. Hospitalini Embu wakaniambia ubongo umevimba." Aliinua macho. "Ninyi ni serikali. Niambieni mtoto wangu aliuawa na nini."

Nelius, ambaye hakukosa mzaha hata matangani, safari hii aliitia tu picha ndani ya koti.

*

Daktari Njue, bingwa wa neva aliyemhudumia Kiende huko Embu, alikuwa na majibu ya maabara ambayo yalikuja mtoto akiwa tayari kaburini.

"Ni surua, Inspekta. Virusi vyenyewe vilikuwa vimeshaondoka. Lakini kinga ya mwili, ikishazoea kupigana, wakati mwingine hukosea adui ni nani. Inageukia utando unaofunika neva za ubongo, inauvamia kama vile ndio ugonjwa."

"Kama sisi polisi tukishikwa na hasira."

"Mbaya zaidi. Nyinyi huwa mnachoka."

"Na sindano haiwezi kufanya hivyo?"

Daktari alivua miwani. "Sitakudanganya. Mara chache mno, baada ya chanjo pia tumeona jambo la namna hii. Surua yenyewe ndiyo hatari kubwa zaidi, tena kwa mbali. Ndiyo sababu nilituma sampuli Nairobi. Mabaki ya virusi yaliyopatikana kwa mtoto huyu ni ya ugonjwa unaotembea vijijini, si ya vile vilivyodhoofishwa vya chanjo. Kinachonishangaza ni kwamba baba aliapa mtoto amechanjwa. Labda chanjo haikushika. Hutokea."

Nelius aliitoa picha ili imsaidie kufikiri. Aliitazama kama mtu anayesalimiwa. Kidole cha mwisho kilikuwa na wino, mzito, mweusi tii.

Kilikuwa cha mkono wa kulia.

Alirudi Meru bila kumtania dereva hata mara moja.

*

Mkato wa gambuti ulilingana na nyayo. Mpini wa zamani ulipatikana chooni kwa Bundi, umevunjika, na kibanzi kimoja cha mtaroni kikakaa mahali pake kama jino.

"Baba Kiende, keti," alisema Nelius katika chumba cha mahojiano. "Makutano hukwenda."

"Sikwenda."

"Ulimvizia?"

"Hapana. Nilikuwa nachimba viazi, akapita. Akanisalimia." Bundi aliongea polepole, kama anayeinua gunia. "Nikamuuliza, Sista, ulimwekea nini mtoto wangu?"

"Akasemaje?"

"Akauliza mtoto yupi. Nikasema Kiende. Akafikiria. Akasema, 'Baba, huyo sikumdunga. Nilifika kwenu nikaambiwa yuko kwa nyanya yake.' Afande, mimi niliona wino kwa macho yangu! Amemuua, halafu ananidanganya usoni. Akageuka aende kwa watoto wa wengine." Viganja vyake vilifunguka juu ya meza. "Niligonga mara moja tu. Halafu nikavunja hizo chupa, zisiue tena."

Mwiti aliacha kuandika.

Nelius alikuwa na kesi iliyokamilika. Angeweza kumtia pingu na kwenda nyumbani kuota moto. Lakini mtu huyu aliuliza swali, na vijiji vizima vilikuwa vinaliuliza pamoja naye.

"Mlete mkewe."

Gacheri aliingia na Kithinji mgongoni. Nelius aliweka picha mezani, polepole.

"Mama Kiende, wino huu alipaka nani?"

Gacheri alikaza kanga ya mgongoni. Nje mtu alikuwa anacheka na walinzi, cheko la mbali.

"Sista Marcella alipaka wa kushoto. Kila mtoto."

"Nilikuwa nimemficha chini ya kitanda," alisema Gacheri hatimaye. "Nikachukua kalamu ile ya kuandikia magunia ya viazi. Nikamwambia, lete mkono. Akanipa..." Alijishika mdomo. "Akanipa ule mzuri. Ule tulimfundisha kumpa mtu mkubwa. Sikujua wanapaka upi. Niliona tu watoto wana wino."

Bundi alimtazama mkewe, kisha picha, kisha mkewe tena.

"Vipele..." alisema.

"Ilikuwa surua, Baba Kiende," Nelius alisema. "Daktari ana majibu. Ilipopita, mwili wake ukaendelea kupigana, ukajipiga wenyewe."

"Kama angedungwa?"

Inspekta aliyejua kuchomoka kwa utani kila mahali hakuona mlango. "Huenda angekuwa anacheza sasa."

Walimngojea apige kelele. Gacheri alijikunja, bega limeelekea mbele, kama anayengoja pigo. Bundi hakumgusa.

"Basi Sista aliniambia ukweli," alisema. Ilikuwa sauti ndogo, ya mtoto aliyeamshwa. "Alisimama hapo kwa matope akaniambia ukweli."

"Nilitaka kukuambia," Gacheri alinong'ona. "Kila siku. Ulivyokuwa unalia, ningeanzia wapi?"

Bundi aliinyoosha mikono yake kwa Mwiti afunge pingu. Mlangoni alisimama.

"Gacheri. Kithinji amechanjwa?"

Alitikisa kichwa.

"Mpeleke. Na uwaambie watu. Uwaambie wewe mwenyewe, si polisi."

*

Asubuhi iliyofuata zahanati ilikuwa na Ednah, chupa mpya kutoka mjini, na benchi tupu. Nelius alikuwa ameketi mwisho wa benchi, akijifanya amekuja kwa mafua.

Gacheri aliingia, kitenge kichwani. Nyuma yake walikuja wanawake watatu, kisha wengine wakasimama langoni na watoto wao. Hakuna aliyemsalimia. Walikuwa wameshasikia. Alikuwa amewaambia mwenyewe, boma kwa boma, na katika boma mojawapo walikuwa wamemtemea mate.

Ednah alimtazama kwa muda mrefu, mwanamke ambaye uongo wake ulimzika rafiki yake. Kisha akachukua pamba.

Kithinji alidungwa, akalia, akanyamaza. Ednah alifungua kalamu ya wino. "Lete mkono, kijana."

Mtoto, na machozi bado shavuni, akampa wa kulia, kichwa chini, kama alivyofundishwa.

Ednah, kalamu mkononi, aligeuza uso dirishani.

"Ule mwingine," alisema Gacheri. "Ule mwingine, mwanangu."