Vikombe Vinane kwa Siku

Kila siku ya shule, saa tisa na nusu alasiri, Chiriku alifika kwenye lango la makao ya wazee, akaandika saa ya kuingia katika daftari la mlinzi, kisha akafuata korido ndefu yenye harufu ya sabuni na dawa ya kusafishia sakafu.

Chiriku lilikuwa jina la utani. Alipewa na bibi yake kwa sababu alianza kusema kabla hajatembea, na tangu hapo mdomo wake haukupata likizo. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili. Mwaka uliopita bibi alipatwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kushoto vikalegea, ulimi ukawa mzito. Mama yake Chiriku, ambaye alikuwa karani wa posta, alimuuguza nyumbani miezi mitano, mpaka mgongo wake mwenyewe ukagoma. Ndipo bibi akahamishiwa makaoni. Mama alimtembelea jioni akitoka kazini, na Chiriku alimtangulia.

Chumba namba sita kilikuwa na vitanda viwili. Cha mlangoni kilikuwa cha bibi. Cha dirishani alilala mwanamke mwembamba aliyefundisha hesabu kwa miaka thelathini na minne, na wote pale ndani walimwita Mwalimu. Miguu ilikuwa imemwishia nguvu, na mikono ilitetemeka hata asiweze kushika kikombe. Akili yake, hata hivyo, ilikuwa kali kama wembe.

"Saba mara nane?" aliuliza kila alipomwona Chiriku.

"Hamsini na sita. Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Jibu ni sahihi, lakini salamu ilitakiwa itangulie. Nakukata maksi moja."

Mhudumu wa upande ule alikuwa mmoja tu. Wazee walimwita Upepo, kwani walimsikia akipita zaidi kuliko walivyomwona. Zamani wahudumu walikuwa watatu. Wawili waliacha kazi, na hakuna aliyeajiriwa mahali pao. Kwa hiyo Upepo aliwaogesha, akawalisha, akawabadilishia shuka na kuwageuza wazee kumi na wanane peke yake.

Juu ya kila kitanda ilining'inia karatasi. Ilionyesha kila alichostahili kufanyiwa mzee: kuoga, kula, kugeuzwa kila baada ya saa mbili, na kunywa maji vikombe vinane kwa siku. Jambo likifanyika, mhudumu aliweka alama ya vema.

Siku moja Upepo alichungulia chumbani, mapovu yakimchuruzika viwikoni.

"Chiriku mwanangu, kalamu iko mfukoni mwangu, ichukue. Nijazie hizo karatasi mbili."

"Niandike nini, anti?"

"Weka vema kote. Nikimaliza huku nitakuja kuwanywesha."

Siku hiyo kweli alikuja. Kesho yake alichelewa. Wiki iliyofuata hakuja kuwanywesha kabisa, ila kalamu alimpa Chiriku koridoni. Chiriku aliendelea kujaza, kwa mkono wake mzuri ambao hata shuleni ulisifiwa. Aliona fahari. Katika darasa lao hakuna aliyekuwa amekabidhiwa kazi ya watu wazima namna ile.

Chiriku mwenyewe alimnywesha bibi yake kila alipofika. Mwalimu hakumnywesha, maana hakuna aliyemwambia. Aliliona jagi la Mwalimu limejaa alipoingia, akaliona limejaa alipotoka, na katikati akaandika vikombe vinane.

Alhamisi moja Mwalimu hakumuuliza kitu. Chiriku akaamua kumchokoza.

"Mwalimu, leo nauliza mimi. Saba mara nane?"

Mwalimu alimtazama muda mrefu. "Jumanne," akasema.

Chiriku aliangua kicheko, halafu kicheko kikamkauka. Midomo ya Mwalimu ilikuwa imepasuka, na ulimi wake ulikuwa mkavu kama kitambaa kilichoanikwa. Alibonyeza kengele. Hakuna aliyetokea. Akatoka mbio, akamkuta Upepo chumba cha tatu, amemkumbatia mzee mzito akijaribu kumrudisha kitandani peke yake.

"Anti, Mwalimu hajui hesabu!"

Upepo alielewa mara moja. Muuguzi aliitwa, kisha daktari, na Mwalimu akatundikiwa dripu.

"Amekaukiwa maji," daktari alisema. "Angekaa hivi siku moja zaidi, figo zingeharibika." Alitupa jicho kwenye karatasi iliyokuwa ukutani, akakunja uso, akaandika kitu katika daftari lake.

Jumatatu iliyofuata alasiri, Chiriku akiwa kando ya kitanda cha bibi, alikuja mkaguzi, kwani taarifa ya daktari ilikuwa imefika kwa wakubwa. Alikuwa mama mfupi mwenye viatu vya bapa. Msimamizi wa makao alikuwa amempangia mafaili mezani na kiti chenye mto, lakini mkaguzi hakukaa. Alikwenda moja kwa moja vyumbani.

Katika chumba namba sita aliinama kwanza ili wagonjwa wauone uso wake, akawasalimu. Alitazama visigino na mgongo wa bibi kuona kama kuna vidonda vya kulalia. Alinyanyua jagi kupima uzito wake. Kisha akabonyeza kengele, akatazama saa yake, akangoja. Msimamizi alikohoa. Alibadilisha mguu wa kusimamia. Upepo alipotokea mlangoni, amebeba shuka chafu, zilikuwa zimepita dakika kumi na moja.

Mkaguzi alichukua karatasi ya Mwalimu.

"Huyu amekunywa vikombe vinane kila siku kwa wiki tatu," alisema. "Alhamisi akatundikiwa dripu kwa kukosa maji. Nielezeni."

"Wazee ndivyo walivyo, mama," msimamizi alijibu akitabasamu. "Unamimina juu, yanatokea chini."

Mkaguzi hakucheka. "Na mwandiko huu ni wa nani? Alama za Jumatatu hadi Ijumaa zote zimefanana kama zimepigwa mhuri."

Upepo alitazama sakafu. Chiriku alizitambua alama zake. Akinyamaza, huenda mambo yakapita. Akisema, Upepo atafukuzwa, na nani atamgeuza bibi? Upepo huyohuyo ndiye aliyemsuka bibi nywele bila kuombwa, siku bibi alipolia kwamba anaonekana kama fagio.

Akahisi sketi yake inavutwa. Ulikuwa mkono wa kulia wa bibi, ule uliobaki na nguvu.

"Se... ma," bibi alisema.

"Ni wangu," Chiriku akasema.

"Huyu ni mtoto tu, amekuja kutembea," msimamizi aliingilia. "Hajui anachosema."

"Mwache amalize."

"Nilijaza bila kuona mtu akinywa. Jagi lilikuwa limejaa, na mimi nikaandika nane. Anti alisema atawanywesha akimaliza kazi. Lakini hamalizi. Wako kumi na wanane, yeye yuko peke yake. Hakuna mtu anayeweza kumaliza."

Upepo aliweka shuka chini.

"Ni kweli," alisema. "Kalamu nilimpa mimi. Kosa ni langu kabla halijawa lake."

Mkaguzi aliandika, kisha akaomba orodha ya zamu. Ilipoletwa, ilikuwa na majina matatu ya wahudumu wa upande ule.

"Hawa wengine wawili wako wapi leo?" akauliza.

Msimamizi alinyoosha mkono ili arudishiwe orodha.

Jioni ile mama alisikiliza habari yote bila kumkatiza Chiriku.

"Ulifanya vibaya kujaza," alisema. "Umefanya vizuri kusema. Lakini la pili halifuti la kwanza. Kesho, kabla hujatua hata mkoba, utamwomba Mwalimu radhi."

Chiriku alifanya hivyo. Mwalimu, ambaye fahamu zilikuwa zimemrudia, alimsikiliza huku amefumba macho.

"Wanafunzi wangu walikuwa wakinakili majibu," alisema hatimaye. "Niliwaambia: jibu bila hesabu ni uongo, hata likiwa sahihi. Lako halikuwa hata sahihi." Akafumbua macho. "Nimekusamehe. Sasa nipe maji, na uhesabu mwenyewe ninachomeza."

Baada ya wiki chache ripoti ilisomwa mbele ya familia zote katika ukumbi wa kulia chakula. Makao yaliagizwa kuajiri wahudumu wawili ndani ya mwezi mmoja. Msimamizi alipewa onyo kwa kuacha katika orodha majina ya watu ambao hawakuwepo. Upepo naye alipewa onyo la maandishi, lakini alibaki kazini. Karatasi za ukutani zilibadilishwa: badala ya vema, mhudumu aliandika saa, kiasi, na jina lake mwenyewe. Mkaguzi aliwahi kurudi bila taarifa, akabonyeza kengele. Alihesabu dakika mbili.

Siku zote hizo Upepo hakumsemesha Chiriku zaidi ya salamu. Chiriku aliitikia na kuinamisha kichwa. Kisha alasiri moja alimkuta Upepo na mhudumu mpya wakimgeuza bibi. Mmoja alishika mabega, mwingine nyonga, wakahesabu tatu, na bibi akageuka bila hata kuguna. Mwenzake alipotoka, Upepo alibaki akinyoosha shuka.

"Nilikukasirikia," alisema bila kugeuka. "Nilijiambia, mtoto huyu nimempenda, naye amenianika hadharani."

"Nisamehe, anti."

"Usiombe radhi kwa hilo. Ngoja nikuambie." Akamgeukia. "Nilidhani zile alama zinanikinga. Kumbe ndizo zilizonifunga. Kila mwezi wakubwa walisoma kwamba kazi yote inafanyika, wakaona mtu mmoja anatosha. Ukiandika kwamba kila kitu ni sawa, mwanangu, unamfungia mlango mtu ambaye angekuja kukusaidia. Na anayeumia si wewe uliyeandika. Ni yule aliyelala pale, asiyeweza kushika kikombe."

Chiriku alimsogezea jagi.

Upepo akamimina maji. Halafu alifanya jambo ambalo Chiriku hakuwahi kumwona akilifanya tangu siku ya kwanza: alivuta kiti kando ya kitanda cha dirishani, akaketi, akamshikia Mwalimu kikombe, na akangoja mpaka kikaisha.