Chungu Namba Mia Nne na Kumi na Mbili

“Kidole changu sikitoi, hata ukisimama hapo mlangoni mpaka uote kuvu,” alisema Bi Moina.

“Nimekuomba kidole, sikukuomba figo,” Bi Somoe akamjibu. “Unagusa, kinalia ti, basi. Ukishagusa nenda zako kalale.”

“Sigusi.”

Korido ya ghorofa ya thelathini na moja ilikuwa imeshafungua milango mitano kusikiliza, na wa sita ulikuwa unafunguka polepole, wa mtu anayetaka kuonekana kwamba anatoka kwa shughuli zake. Huyo alikuwa Mzee Chande, fundi mstaafu wa mabomba ya jengo. Alitoka na kopo la kumwagilia maua, na kila mtu alijua hana hata ua moja.

Kati ya wanawake wale wawili alining'inia karani-hewa. Karani-hewa hana mwili. Ni shuka la nuru, jembamba kama ganda la kitunguu, ambalo Makumbusho ya Kisiwa cha Hodi humtumia kila anayeomba kwenda kuzuru. Hukaa hewani usawa wa kifua, huuliza maswali, huandika majibu, na hachoki kusubiri, sifa iliyomfaa sana siku hiyo.

“Samahani, wahusika,” alisema kwa sauti ya mtu aliyelelewa vizuri. “Sasa ni saa saba kasoro dakika kumi. Saa nane kamili orodha ya safari ya mwisho itafungwa.”

“Umesikia?” Bi Somoe akasema. “Ya mwisho, Moina. Hakuna nyingine.”

“Masikio ninayo.”

Bi Somoe aliegemea ukuta. Miguu ilikuwa inamuuma, lakini hakutaka kuingia ndani kukaa, maana akiingia tu mlango wa mwenzake ungefungwa. Kwa miezi miwili alikuwa akiipanga safari hii, na jengo zima lilikuwa linaijua. Alishaazima viatu vya mpira kwa mke wa Chande, kwa sababu ngazi za kisiwani zina utelezi wa mwani. Alishanunua tangawizi kavu ya kutafuna ndani ya boti-mbayuwayu, chombo kile kinachoruka dhiraa mbili juu ya maji na kuwatapisha hata mabaharia. Alishaifua kanga yake nzuri mara mbili, na mara zote mbili haikuwa chafu. Karani alipomuuliza kwenye fomu, *Ungependa kusikia nini?*, alifikiri siku nzima, halafu akajibu: “Chochote. Hata akikohoa.”

Aliyetaka kumsikia akikohoa ni mama yake.

Miaka sitini na tatu nyuma, Wimbi Kuu lilipozila pwani za visiwa, watu walikuja Tanga kwa meli zilizojaa hadi juu ya paa. Kabla ya kuruhusiwa mjini walishushwa Kisiwa cha Hodi, wakapimwa homa, wakaandikwa majina, wakaulizwa wanajua kazi gani. Mwanahawa, mama yake Somoe, alitoka Mafia na mimba ya miezi minane. Alijifungua kisiwani, na siku ya nne akafariki. Echati, mama yake Moina, alitoka Ngazija na mtoto wa miaka mitatu mgongoni. Hawakuwa wakijuana. Kilichowakutanisha ni uhaba wa vyungu.

Maana vyungu kisiwani vilikuwa vichache kuliko familia. Maofisa wakaamua kila familia mbili zipewe chungu kimoja, na ili wasichanganyikiwe wakahesabu vyungu badala ya watu. Kila kitu kikaandikwa kwa namba ya chungu: dawa, blanketi, hata sauti. Sauti zilihifadhiwa kwenye nyuzi-sauti, nyuzi za kioo laini kuliko unywele, na waliokula chungu kimoja walirekodiwa kwenye uzi mmoja, wakizungumza pamoja. Minara ya kuishi ilipojengwa mjini, milango nayo ikagawiwa kwa namba zilezile. Ndiyo sababu Somoe na Moina walikuwa wakitazamana mlango kwa mlango tangu utotoni, Echati akimtunza Somoe kama mwanawe. Wao walikuwa chungu namba mia nne na kumi na mbili.

Wakimbizi wale walipoanzisha makumbusho waliweka sharti: sauti hazitoki kisiwani, ila pumzi chache za kuthibitisha, na uzi wa watu wawili haufunguliwi mpaka vizazi vya wote wawili vikubali na viende pamoja. Lilikuwa sharti la heshima. Ila sasa bahari ilikuwa inakimaliza kisiwa chenyewe, mwezi ujao kingeachiwa maji pamoja na vyote vilivyomo, na kizazi cha pili cha chungu hicho kilikuwa kimesimama mlangoni kimefumbata vidole.

“Mimi mama yangu nilimsikia miaka arobaini,” Bi Moina alisema. “Sina haja ya kwenda kumsikia kwenye kioo.”

“Ndiyo hivyo. Wewe ulimsikia.”

Bi Moina akatazama pembeni. Mzee Chande akamwagilia sakafu kidogo.

“Jambo la kidole tu, Bi Moina,” Chande akajaribu. “Huyu mwenzio hana hata…”

“Chande, kamwagilie maua yako.”

“Naam.”

“Sema basi tatizo ni nini,” Bi Somoe akasema. “Miaka kumi na moja unanipita kwenye lifti kama umepita ndoo. Nimekukosea nini? Niambie hapa, mbele ya watu, maana watu wenyewe wapo.”

Bi Moina aligusa leso yake. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye tabia ya kujifunga leso kichwani kabla ya kusema jambo zito, na sasa aliifungua akaifunga tena.

“Mume wangu Abdou alipokufa,” alisema, “siku tatu nilikaa humu ndani. Siku tatu, Somoe. Watu walikuja, wakaswali, wakanipa mkono, wakaondoka. Wewe ulikuja na kibao chako cha mbuzi ya nazi ukakikalia, ukalia kuliko mimi, nikasema haya, huyu ndiye ndugu yangu. Lakini chakula? Hata kikombe cha uji hukuniletea. Nyumba yenye msiba haipiki, hupikiwa, wewe unajua, mama yangu ndiye aliyekufundisha. Aliyenilisha ni ukuta.”

Alimaanisha mpishi-ukuta. Kila jiko la mnara lilikuwa naye: mtambo uliojengwa ndani ya ukuta, wenye mlango mdogo wa chuma. Alfajiri huwapima wakazi uzito kupitia sakafu, akajua wako wangapi na kila mmoja anahitaji nini. Chakula hupanda kwa bomba la mgao kutoka chini ya jengo, humalizikia kuiva humo ukutani, na hutoka sahani kwa sahani, bila punje kuzidi. Mji mzima haukuwa na mwenye njaa, wala haukuwa na jalala la vyakula, na wageni walikuja kutoka mbali kuutazama. Lakini haukuwa tena na sufuria. Hakuna aliyekuwa na cha ziada cha kumpelekea jirani. Kidogo kidogo watu waliacha kubisha hodi saa za kula, kwa kuwa ungempa mwenzio kazi ya kukutazama akila.

“Hukuletewa?” Bi Somoe aliuliza polepole.

“Niletewe na nani?”

“Ukuta wako ulikupa nini siku hizo?”

“Maswali gani hayo?”

“Ulikupa nini, Moina?”

“Wali. Wali wa nazi, na samaki changu wa kupaka. Siku zote tatu.” Bi Moina akakunja uso kwa kukumbuka. “Nikasema hata mtambo umechanganyikiwa na msiba wangu, maana mimi nazi…”

Hakumaliza. Kila mtu kwenye korido ile alijua kwamba Bi Moina ana moyo mbovu, na kwamba mpishi-ukuta wake amekatazwa na daktari kumpa nazi tangu ujana wake.

“Changu wa kupaka ni mgao wangu wa siku za mvua,” Bi Somoe alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. “Niliuambia ukuta wangu usinipe mimi, upitishe kwako. Unakubali ukiuomba, unageuza bomba tu. Nilikuwa sina chungu, sina moto, sina hata kiazi cha kuchoma. Ningekuja mkononi na nini? Nikasema atauona wali wa nazi, atajua. Nani mwingine humu anakula wali wa nazi mvua ikinyesha?”

“Haukusema.”

“Nini?”

“Ukuta. Haukusema umetoka kwako. Ulisema ‘mgao wa mtu mmoja, tayari,’ kama kila siku.”

Wote wawili wakamgeukia Chande, kana kwamba yeye ndiye aliyelitengeneza bomba. Naye kweli, kwa sehemu, ndiye.

“Huwa hausemi,” Chande alikiri. “Tuliuundia kupima. Jina la mtoaji halina gramu, tukaliacha. Hatukuwaza.”

Bi Moina aliushika mlango wake. “Na wewe ulikula nini siku hizo?”

“Chai.”

“Siku tatu, chai?”

“Na biskuti za huyu Chande.”

“Kumbe,” Chande akasema. “Mimi nimemlaumu mke wangu miaka kumi na moja.”

Mtu mmoja kule mwisho wa korido alicheka, akajiziba mdomo. Bi Moina hakucheka. Alikuwa anamtazama Somoe kama unavyolitazama koti lako la zamani ulilokuwa ukidhani limeibwa, kumbe lilikuwa nyuma ya mlango siku zote.

“Nami nikangoja ahsante,” Bi Somoe alisema. “Wiki, mwezi. Nikasema huyu ana kiburi cha Ngazija. Basi na mimi nikanuna.”

“Wewe karani,” Bi Moina akasema ghafla. “Kidole kipi?”

“Chochote, mama.”

Alikitia cha shahada ndani ya nuru. Ikalia ti. Bi Somoe akatia chake. Ikalia ti.

“Ahsanteni,” alisema karani-hewa. “Chungu mia nne na kumi na mbili, wasafiri wawili, Alhamisi saa mbili asubuhi, gati ya kaskazini. Vaeni viatu visivyoteleza. Kwa taratibu zetu, nawasikilizisha pumzi chache za uzi wenu, ili mthibitishe kwamba ndio wenyewe. Nyingine zote zinawasubiri kisiwani.”

Kwanza palitoka upepo, na mlio wa kijiko kikigonga udongo. Kisha sauti ya mwanamke, changa kuliko walivyotarajia, yenye kitetemo cha kicheko:

“*Usitie tena chumvi, mwenzangu, utaniua na mwanangu tumboni.*”

Na nyingine, nzito, yenye lafudhi ya Ngazija: “*Nimetia mimi? Wewe ndiye uliyetia, ukasahau. Onja, onja kwanza.*”

Ikakatika.

Bi Somoe alikuwa ameweka kiganja tumboni mwake, pasipo kujua. Miaka sitini na tatu alikuwa amejiundia sauti ya mama yake, akaifanya ya upole, ya taratibu, ya mgonjwa. Kumbe alikuwa mgomvi wa jikoni.

“Huyo wa pili ni mama,” Bi Moina alisema, akajifuta macho kwa ncha ya leso. “Hivyo hivyo. Mpaka anakufa alikuwa hakubali kwamba ni yeye aliyetia.”

Saa saba ikagonga. Kila jiko la ghorofa likalia kengele yake, milango ikaanza kufungwa mmoja mmoja, kila mtu akiufuata mgao wake. Chande akaondoka na kopo tupu. Karani-hewa alijikunja, akazimika. Kutoka ndani kwa Bi Moina ukuta ukasema, “Mgao wa mtu mmoja, tayari.”

Bi Somoe akageuka kuelekea mlango wake, ambako ukuta wake nao ulikuwa umeshasema hayo hayo.

“Unakwenda wapi?” Bi Moina akamuuliza.

“Kula.”

“Sahani yako njoo nayo huku, mimi nitakupa mkeka.” Alikuwa amekwisha kuusukuma mlango mpaka mwisho. “Vua viatu. Na ukiona haina chumvi usiseme ni mimi, wewe onja kwanza. Karibu, Somoe, ingia tule.”