Nyumba ya Chini Husema Mwisho

Kila asubuhi Wikitoria alikaanga mikate, akammiminia mama yake chai, kisha akafungua mlango wa mbele kuhesabu ngazi. Nyumba yao ilikuwa na ngazi tano. Jumatatu zilionekana nne. Jumatano zilionekana tatu. Ijumaa zilibaki mbili tu. Nyingine zilikuwa chini ya maji ya Ziwa Rotowiwi.

"Ngapi leo?" mama yake, Bibi Heni, aliuliza kutoka kitandani.

"Mbili, mama."

"Basi bado sijalowa. Lete siagi."

Bibi Heni alikuwa na miaka themanini na minne na mguu mbovu, lakini ulimi wake ulikuwa mzima kabisa. Alizaliwa katika nyumba ile, na hakutaka kusikia habari za kuhama. Wikitoria alicheka, lakini roho yake ilikuwa juu. Maji yakiingia ndani, angempeleka wapi mama huyu?

Mito miwili huingia Rotowiwi, lakini ziwa halina mlango wa kutokea. Kati yake na bahari kuna tuta refu la kokoto ambalo mawimbi hulirundika. Mvua zikizidi, watu hulikata tuta hilo, nayo maji humwagika baharini. Mababu walikata kwa miti iliyochongwa ncha. Siku hizi hukata kwa katapila. Kuhusu kukata, hakuna anayebisha. Ubishi wote ni kuhusu siku ya kukata.

"Leo!" alisema Merv, mfugaji wa ng'ombe wa jirani, akiwa mlangoni na buti zake zimejaa matope. "Nusu ya nyasi zangu zimezama. Ng'ombe wangu wanasimama majini kama bata. Kamati ya ziwa inangoja nini?"

"Inangoja maji yafikie kipimo," alijibu Wikitoria. "Arapera anasema bado."

Arapera alikuwa binti wa dada yake. Kazi yake ilikuwa kupima ziwa na kuipa kamati taarifa. Tipene, mume wa Wikitoria, aliweka kikombe chini kwa kishindo.

"Arapera ni mtoto wetu, nampenda. Lakini babu yangu hakuwa na kamati wala kipimo. Alichukua mti wake akaenda kukata. Merv, katapila lako lina mafuta?"

"Tele."

"Tipene," alisema Wikitoria, "usiende."

"Nakwenda kwa ajili ya mama yako."

Kabla Wikitoria hajafungua kinywa, Tipene alikuwa ameshavaa buti. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu wa kutenda kwanza na kufikiri akiwa njiani kurudi.

Kesho yake saa nne asubuhi simu ililia. Alikuwa Tipene.

"Njoo na ndoo. Lete ndoo zote."

Wikitoria alipofika kwenye tuta alisimama, mkono mdomoni. Mfereji waliokuwa wameukata ulikuwa umeshazibwa. Bahari ilikuwa imechafuka, na kila wimbi lilirudisha kokoto palepale zilipotolewa. Katapila la Merv lilikuwa limezama kwenye kokoto hadi mlangoni. Lakini kilichomtoa machozi kilikuwa katikati ya mfereji. Mikunga wakubwa, weusi, wale samaki wenye umbo la nyoka, warefu kama mkono wa mtu, walikuwa wakijinyonganyonga juu ya mawe makavu.

Mikunga wa Rotowiwi hukaa ziwani miaka mingi, wengine zaidi ya umri wa mtu mzima. Mwezi wa nne hukusanyika kwenye tuta, wakingoja njia ya kwenda baharini kuzaa. Walisikia maji yakienda, wakayafuata. Kisha njia ikafungwa mbele yao na nyuma yao.

Walibeba ndoo hadi mikono ikafa ganzi. Wengi walirudi ziwani wakiwa hai. Hamsini na mmoja walikufa.

"Na ziwa limeshuka kiasi gani?" Merv aliuliza kwa sauti ndogo.

Arapera alikuwa amefika. Aliangalia kipimo chake. Hakupiga kelele, na hilo liliuma zaidi.

"Upana wa kidole, bwana Merv."

Jioni watu walikusanyika katika ukumbi wa ukoo. Wafugaji walikaa upande mmoja na wavuvi upande mwingine, wote wamekunja sura. Tipene alisimama kwanza.

"Mimi ndiye niliyekata. Nimeua mikunga wa watu. Nisameheni."

"Tumbo lako ndilo litakalokusamehe, mwaka ujao likikosa mikunga!" mvuvi mmoja alimkejeli.

"Na nyasi zangu nani atazisamehe?" alijibu Merv. "Ninyi samaki wenu wanajua kuogelea! Ng'ombe wangu je?"

Ukumbi ulichemka. Arapera aliingia jikoni, akarudi na sinia mbili za kuokea na jagi la maji. Katika kila sinia alijenga tuta dogo la mchanga.

"Njooni karibu," alisema. "Hii ya kwanza ni leo asubuhi."

Alimimina maji machache nyuma ya tuta, akachora mfereji kwa kidole. Maji yalitoka polepole. Upande wa pili alikuwa akisukuma mchanga kwa kiganja, kama mawimbi yanavyofanya. Mara mfereji ukaziba.

"Hii ya pili ni ziwa lililojaa, na bahari iliyotulia."

Safari hii alimimina maji mpaka yakakaribia kilele cha tuta. Alipochora mfereji, maji yalitoka kwa nguvu. Yalijichimbia njia yenyewe, pana, mpaka chini kabisa. Alisukuma mchanga kwa kiganja, lakini maji yakausomba.

"Kumbe maji yenyewe ndiyo mchimbaji," alisema Merv.

"Ndiyo. Katapila linafungua mlango tu. Kwa hiyo tunahitaji mambo matatu. Ziwa lifike mita moja na robo juu ya bahari. Mawimbi yatulie. Na tukate bahari inapoanza kupwa, ili maji yapate saa nyingi za kuchimba. Tukifanya hivyo, mlango utakaa wazi wiki kadhaa. Nyasi zitakauka na mikunga watapita."

"Babu yangu je?" Tipene aliuliza. "Yeye hakuwa na kipimo."

"Baba mdogo, babu alikuwa anakaa kwenye tuta siku nyingi akiangalia mawimbi. Tunasimulia siku aliyokata. Siku alizongoja hatuzisimulii."

Tipene aliinamisha kichwa.

"Lini, basi?" mwenyekiti aliuliza.

"Alhamisi. Siku tano."

Hapo macho yote yakamgeukia Wikitoria. Rotowiwi kuna desturi. Katika shauri la maji, nyumba iliyo chini kuliko zote husema mwisho, na inachosema hufuatwa. Nyumba hiyo ilikuwa yake.

Alimgeukia mpwa wake. "Arapera, siku tano hizo, maji yataingia kwangu?"

"Yataingia, mama mdogo. Sitakudanganya."

Wikitoria alifikiria kitanda cha mama yake. Alifikiria sakafu ya mbao ambayo baba yake aliipigilia mwenyewe. Kusema "kateni kesho" kulikuwa rahisi sana. Nani angemlaumu? Lakini aliona tena wale mikunga juu ya mawe.

"Tungoje," alisema. "Lakini naogopa. Siwezi kungoja peke yangu."

Merv ndiye aliyeinuka kwanza. "Nina tela. Nitakuja asubuhi."

Asubuhi walikuja watu kumi na wanane, wafugaji kwa wavuvi. Arapera aliwaelekeza. Zimeni umeme kwenye swichi kuu kabla maji hayajafika. Pandisheni magodoro na vyakula juu. Msitumie choo, shimo lake limeshajaa maji. Maji ya kunywa yachemsheni, hata kama yanaonekana safi.

Bibi Heni alibebwa kwenye kiti chake.

"Merv, ukiniangusha nitakutokea ndotoni!"

"Wewe tayari unanitokea, bibi."

Walimlaza katika ukumbi wa ukoo. Kila siku wanawake walimletea chakula, naye kila siku alilalamika kwamba chumvi haitoshi. Wikitoria hakula. Jumanne ngazi ya mwisho ilizama. Jumatano maji yalivuka kizingiti. Alisimama ndani na buti za mpira, akitazama maji ya kahawia yakitambaa chini ya meza, akalia. Tipene alimshika bega.

"Kama bahari haitatulia kesho?" Wikitoria aliuliza.

"Sijui, mke wangu. Tutangoja tena."

Alhamisi bahari ilitulia. Mzee mmoja alisoma dua. Bahari ilipoanza kupwa, katapila la Merv, ambalo lilikuwa limeshanasuliwa, lilikata kokoto. Mwanzoni ulitoka mkondo mwembamba tu wa maji, na Wikitoria alijiuma mdomo. Halafu kingo zikaanza kumeguka. Mfereji ukawa na upana wa hatua tano, kisha ishirini. Kufikia alasiri ilibidi watu wapige kelele ili wasikilizane, kwa jinsi maji yalivyonguruma.

Mlango ulikaa wazi siku ishirini na tatu. Nyasi za Merv zilikauka. Kamati ilikubaliana kwamba hakuna atakayegusa tuta kabla ya maji kufikia kipimo, na kwamba walio juu watawahamisha walio chini bila kungoja kuitwa.

Siku Bibi Heni aliporudi, Wikitoria alimtangulia. Matope alikuwa ameyasafisha, lakini mbao za sakafu zilikuwa zimevimba na kupinda. Mama yake aliziangalia akiwa kizingitini.

"Sakafu ya baba yako."

"Imeharibika, mama. Nisamehe. Mimi ndiye niliyesema tungoje."

"Na mikunga?"

"Wamekwenda. Siku tatu walipita, mfululizo. Tipene alikuwa pale, akashindwa kuwahesabu."

Bibi Heni alishusha pumzi. Alinyoosha mguu wake mbovu, akakanyaga mbao zilizopinda, akaingia nyumbani kwake.

"Mbao zinauzwa," alisema. "Niwekee chai."