Kikohozi cha Saa ya Jamaa

Kijana wa kwenye tamthilia alipoinamisha uso kumbusu mchumba wake, luninga-ukuta iliiwahi midomo yake. Kufumba na kufumbua, wachumba wale walikuwa jikoni wanamenya ndizi, wakizungumza habari za mvua. Watoto hawakugundua kitu. Kila nyumba ya jiji la Korogwe ilisitiriwa hivyo kila jioni, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa moja na nusu, kipindi kilichoitwa Saa ya Jamaa.

Mtambo uliofanya kazi hiyo uliitwa Msitiri, na aliyeufunza ni mhandisi Mwanaidi, mama wa watoto hao. Aliufungulia masikio katika sebule elfu nane, akagundua jambo moja: wazee wa kwetu hawasemi "zima hiyo." Hujikohoza tu, na mwenye akili akabadilisha. Basi akaufundisha Msitiri kuyawahi mambo ya aibu, na kwamba mzee akikohoa, kilichopo ukutani kiondolewe. Akapewa tuzo, na kusema kweli alijisikia sana.

Kilichomkosesha raha ni baba mkwe wake, Mzee Sempombe. Miezi miwili sasa, Saa ya Jamaa ikifika, mzee huinuka akaenda zake uani. "Luninga zenu zimenichosha," husema. Mume wa Mwanaidi alidai mzee kanuna tu. Mwanaidi hakuridhika. Aliogopa amemkosea mkwewe bila kujua.

Jioni hiyo akamfuata. Alimkuta kwenye stoo ya uani, kajiziba mdomo kwa mto, mabega yanamtetema.

"Baba! Una nini?"

"Taratibu, mama, watoto wanatazama." Mzee akavuta pumzi kwa shida. "Kifua tu. Nikikohoa mle ndani mchezo wao unakatika, yanakuja maua matupu. Siku ile mjukuu wangu Siwema alilia. Nikaona bora nije huku."

"Miezi miwili, baba?"

"Sasa ningefanyaje? Mtambo ni wako, mwanangu. Niuseme vibaya mbele ya watoto wako?"

Mwanaidi alitamani ardhi ipasuke immeze. Tuzo yote ile, na mashine yake haikuweza kumtofautisha mzee anayeona haya na mzee anayeumwa.

Asubuhi walikuwa hospitali. Daktari aliitazama picha ya mapafu kwa muda mrefu.

"Maji kidogo kwenye pafu la kushoto," akasema mwishowe. "Dawa za wiki tatu, atapona kabisa. Mngechelewa mwezi mmoja tu, tungekuwa tunazungumza mengine."

Mwanaidi akaketi palepale sakafuni akalia, huku anacheka, wala hakujali nani anamwona.

Garini mzee akaanza tena kukibana kikohozi, macho yamemtoka, uso kaugeuzia dirishani.

"Kohoa, baba," Mwanaidi akamwambia. "Kohoa utakavyo."

Naye mzee akakohoa, njia nzima, mpaka nyumbani.