Ukuta Wenye Joto

Ukuta wa chumba ulikuwa na joto. Halikuwa joto la jua, maana upande ule ulitazama mlima Hanang na jua halikuufikia hata wakati wa kiangazi. Lilikuwa joto la ubavu wa ng'ombe aliyelala. Genoveva aliligundua siku waliyohamia, alipoegemea ukutani ili apumzike kabla ya kufungua mizigo. Aliruka mbele, kisha akaona haya, akajiambia kwamba ni uchovu wa safari kutoka Dongobesh.

Walikuwa wapangaji. Mama yake, Odilia, alikuwa amepata kazi ya kupika kambini kwa wafanyakazi wa shamba la ngano la serikali, na kwa kuwa alikuwa mjamzito na hakuwa na mume, Genoveva aliacha shule darasa la sita ili amsaidie. Mtoto alizaliwa mle mle chumbani. Kwa desturi ya kwao, mzazi ambaye siku zake za kukaa ndani baada ya kujifungua hazijatimia haingii nyumba ya mtu mwingine, na hakuna ambaye angempokea. Kizuri au kibaya, chumba kile ndicho walichokuwa nacho.

Mchana, wakati kombaini za kuvunia zinanyamaza ili madereva wale, bonde lote lilikuwa kimya. Ndipo Genoveva aliposikia mtu akigonga kwa fimbo. Aligonga taratibu, kama mzee aliyefika langoni kwake na ana hakika atafunguliwa. Genoveva alikwenda mlangoni, hakuona mtu. Akazunguka nyuma ya nyumba. Huko kulikuwa na mabua ya ngano tu, mpaka macho yanapoishia. Aliporudi ndani, mlio ulikuwa bado unaendelea, nao ulitoka katikati ya ukuta.

"Umesikia?" mama yake alinong'ona, amemfunika mtoto kwa kanga.

"Nimesikia. Nyamaza, mama."

Mwenye nyumba, Mzee Sebastiani, aliishi nyumba ya mbele katika uwanja huohuo. Genoveva alimwamkia shikamoo, akamweleza kwamba ukuta una ufa na una kelele. Yule mzee hakuuliza neno. Alichukua karai la udongo na samadi, akaingia chumbani, akaenda moja kwa moja mpaka nyuma ya kitanda, akainama na kuuziba ufa ambao hakuna aliyemwonyesha. Genoveva aliiona ile mikono na akaelewa kwamba ilikuwa imeuziba ufa uleule mara nyingi.

Jioni moja, Odilia akiwa anamnyonyesha mtoto, ilianza harufu, kwanza ya maziwa mapya, kisha ya pombe ya asali, kisha ya zizi zima la ng'ombe ingawa hapakuwa na ng'ombe hata mmoja karibu kwa kuwa walinzi wa shamba waliwafukuza wote, na taa ya kibatari ikainama bila upepo, na ule ufa ukafunguka polepole kama jicho la mtu anayeamka, na ukuta ukaanza kutanuka na kurudi, kutanuka na kurudi, ukipumua, hata mtoto akaacha titi, akageuza uso kuutazama, akatulia kimya kama mtoto anayesemeshwa na babu yake.

Genoveva alisimama kati ya mtoto na ukuta.

"Hatutoki," aliuambia. "Hatuna pa kwenda."

Kesho yake Sebastiani alikuja mwenyewe kuwashauri wahame. Alisema kwa upole kwamba waliowatangulia hawakuleta makelele. Mwalimu alikwenda zake, karani alikwenda zake, hata yule dereva wa trekta mwenye kifua kama gunia alikwenda zake.

"Kumbe ulijua," Genoveva alisema.

Mzee akamwambia kwamba mtoto wa kike hamjibu mzee hivyo. Genoveva akainamisha kichwa kwa heshima, akafunga kanga kiunoni, akaenda kwa balozi wa nyumba kumi.

Balozi alikuwa Mama Fransiska, mjane asiyependa maneno mengi. Aliwaita wote uwanjani, majirani wakaja na vigoda vyao. Sebastiani alidai kwamba yeye amepangisha chumba, mambo ya majini hayamhusu, kisha akacheka na kuuliza ni sheria gani inayotaja majini.

"Inataja kuta," Genoveva alijibu.

Watu wakacheka, na waliyemcheka ni Sebastiani. Mama Fransiska alisubiri wanyamaze. "Sebastiani, ukipangisha, unampa mtu mahali pa kukaa kwa amani. Ukuta ukianguka, ni wako. Ukigonga, ni wako vilevile. Mzazi huyu hatoki. Utautengeneza yeye akiwa humo."

Akaagiza aitwe Gidahosh, mzee wa Kibarbaig aliyejua mambo ya wafu. Gidahosh alikuja na fimbo yake, hakuuliza habari ya jini. Aliweka shavu ukutani, akausalimia kwa lugha yake, taratibu, kama mtu anavyomsalimia mkubwa wake. Kisha akamgeukia Sebastiani na kumuuliza udongo ule aliuchimba wapi.

Sebastiani alikiri. Trekta za shamba zilipopasua nchi zilipitia kaburi la mzee mmoja wa Kibarbaig, lile kaburi refu la udongo na samadi ambalo ukoo mzima hulijenga kwa miezi. Udongo wake ulikuwa umekandwa vizuri, haupasuki kwa mvua. Akauona unapotea bure. Akaleta punda na mkokoteni.

"Huyu si jini," Gidahosh alisema. "Ni mwenye nyumba. Alitolewa kwake bila kuambiwa, kisha ukawapangisha watu ndani yake."

Udongo ulipaswa kurudi kaburini, tena kichwani mwa aliyeuchukua, si kwa mkokoteni. Ukuta ukabomolewa. Genoveva alidai turubai, akalipata, akalifunga mwenyewe mama yake asipigwe na baridi. Sebastiani alibeba karai baada ya karai kupita kwenye mabua, majirani wakimwangalia. Alipotua la mwisho, Gidahosh alimuuliza kama amemaliza wote. Akasema amemaliza. Akaulizwa tena. Akasema amemaliza.

Ukuta mpya ulijengwa kwa udongo wa mtoni. Ulikuwa baridi kama ukuta. Mtoto alilala ameugusa kwa kisigino, na Odilia akacheka kwa mara ya kwanza tangu ajifungue.

Kisha mchana mmoja kombaini zilinyamaza, na Genoveva akasikia fimbo. Aliweka kiganja ukutani. Baridi. Akatoka mlangoni. Mlio ulitoka nyumba ya mbele.

Sebastiani alikuwa amesimama uwanjani bila viatu, ufunguo mkononi. Alisema kwa sauti ndogo kwamba ni jiko tu, alikuwa amelikandika kwa udongo ule, kidogo sana, hakudhani ungehesabiwa. Aliomba akae kwao mpaka nyumba itulie.

"Karibu, mzee," Genoveva alisema, akampa kigoda, akakiweka nje ya kizingiti. Kisha akaingia ndani, akatoka na karai, akampa kwa mikono miwili kama mtoto aliyelelewa vizuri.

Fimbo ikanyamaza. Harufu ya zizi ikavuka uwanja. Na ule mlango ambao Sebastiani alikuwa ameufunga kwa ufunguo ukafunguka polepole, kwa ndani.