Risasi Bila Hodi

Walioingia katika kile kiwanda cha unga kilichofungwa walikuwa watatu, wote watu wazima, na wote watatu walifunga midomo kama walivyoagizwa. Aliyelia hakuwa mmoja wao.

Fundi wa sauti, ambaye kazini kila mtu alimwita Masikio, aligundua jambo hilo siku iliyofuata. Alikuwa peke yake katika chumba cha kurekodia, kuta zimevikwa sponji hadi darini na mlango mzito umefungwa. Alikuwa akisikiliza mlio wa bunduki. Ulipiga, ukazunguka kuta za kiwanda, ukarudi, ukafifia. Na pale ulipofifia, chini yake kabisa, palikuwa na kilio chembamba, kilichokatika kabla hakijafika mwisho.

"Popo," alijiambia. Majengo matupu hayakosi popo. Hata hivyo alimwita Mchoraji.

Mchoraji ndiye aliyekuwa na hadithi yake. Kwa miaka mingi alichora vitabu vya katuni vya mtu aitwaye Mfiwa, baba aliyeuliwa mtoto mlangoni pake, akashusha bunduki ukutani na tangu hapo hakumsamehe mtu: mwenye kosa, rafiki wa mwenye kosa, na yeyote aliyesimama karibu. Wasomaji walimpenda kwa sababu hakuwa mtu mwema. Sasa studio ilikuwa ikimtengenezea gemu. Mchezaji anashika bunduki ya Mfiwa, anavunja mlango mmoja baada ya mwingine, na ndani hamwachi mtu hai. Mlio wa bunduki waliutaka wa kweli, ndiyo maana Masikio na Mchoraji walimchukua Afande, mwanajeshi mstaafu mwenye silaha yake, wakaenda naye kiwandani, mahali penye mwangwi.

Mchoraji alisikiliza hedifoni zikiwa zimembana masikio, macho kayafumba.

"Popo gani analia hivi?" alisema. "Hii ni dawa, bwana. Kila adui akipigwa, alie hivi. Mchezaji ajue ameua mtu, hajaua kiroboto."

Bosi wa studio aliposikia alipiga meza kwa furaha. Basi kilio kikasafishwa, kikapandishwa sauti, kikawekwa. Tangu hapo kila aliyeanguka katika gemu lile alikufa kwa kilio kilekile.

Aliyekisikia kuliko wote alikuwa Kidole, dada mwenye kazi ya kulicheza gemu kutwa nzima ili kutafuta kasoro zake.

"Masikio, kilio chako kinanifuata mpaka chooni," alilalamika.

"Kwani chooni unamuua nani?"

Walicheka. Lakini siku hiyohiyo Masikio alifungua chumba chake akakutana na harufu ya maziwa. Si yaliyochacha, maziwa mabichi, yenye joto bado, yamechanganyika na baruti. Alimuuliza msafishaji nani amemwaga maziwa kwenye zulia. Msafishaji aliapa kwamba hakuna aliyeingia. Alifua zulia, harufu ikabaki. Baadaye Masikio aliegemea ukuta, akahisi sponji imelowa. Alipoiminya, vidole vyake vilitoka vyeupe.

Kisha Kidole akawaita.

"Huyu mwanamke ni nani?"

Kwenye skrini, nyuma ya maadui wenye bunduki, alisimama mwanamke aliyewapa mgongo. Mikono yake ilikuwa imekunjwa mbele kana kwamba amepakata kitu.

"Sikumchora mimi," alisema Mchoraji.

"Basi kompyuta imejizalia," alisema Masikio.

"Mpige risasi tuone."

Kidole alimpiga. Risasi zilipita kama zinapita moshini. Akampiga adui aliyesimama kando yake. Adui akaanguka, kilio kikatoka, na mabega ya mwanamke yakashtuka. Kisha akageuka. Kidogo tu, kiasi cha kuonekana ncha ya shavu.

"Umeona?" Kidole alinong'ona. "Kila nikiua, anageuka. Asubuhi nilikuwa simwoni hata sikio."

Hakuna aliyesema aendelee. Kidole alichukua mkoba wake. "Kazi ni kazi, kaka zangu, lakini mama yangu hakunizaa nije kutazamwa na mtu ambaye hakuchorwa." Akaondoka, na hakurudi.

Jioni hiyo Masikio alifika nyumbani akapokewa na ukimya. Si kawaida. Binti yake, mtoto pekee, ambaye hata shule alikuwa bado hajaanza, walimwita Kasuku kwa sababu alizungumza na kila kitu: vijiko, viatu, mvua.

"Leo amenipumzisha," alisema mkewe, lakini uso wake haukuwa wa mtu aliyepumzika. "Tangu mchana ananong'ona tu."

Masikio alichuchumaa. "Kasuku wangu, nani kakuazima ulimi?"

Mtoto aliweka kidole mdomoni. "Usipige kelele, baba. Yule mama anasema mtoto wake amelala. Anasema nyie mnamwamsha kila saa ili mumpige tena."

Nywele zake zilinuka maziwa.

Asubuhi hata ule mnong'ono ulikuwa umekwisha. Kasuku alicheka kinywa wazi, hakikutoka kitu. Alianguka akajigonga goti, akalia, machozi yakamtiririka, na nyumba ikabaki kimya kama picha. Daktari alimulika koo akasema ni zima kabisa, jambo ambalo lilimtisha mama yake kuliko ugonjwa wowote.

Masikio alikwenda kwa shangazi yake. Huyu ndiye aliyemlea. Alikuwa mkunga mstaafu, na watu walimjua pia kwa kazi nyingine, ya kuzungumza na wasioonekana wanapogombana na wanaoonekana. Masikio, mtu wa shule, siku zote aliitania kazi hiyo. Safari hii alimpa hedifoni bila utani wowote.

Shangazi alisikiliza, akavua hedifoni polepole.

"Mwanangu, hiki si kilio cha popo. Watoto nimewapokea maisha yangu yote. Huyu hata meno hajaota." Akamtazama. "Mliingiaje mle? Mlibisha hodi?"

"Shangazi, kiwanda kitupu! Nani angetukaribisha?"

"Mwenye nyumba unayemwona, hata usipobisha atakufukuza, yaishe. Hodi hasa ni ya yule usiyemwona. Unamwambia tunaingia, shika wanao."

"Tungebishaje? Tulikuwa tunarekodi ukimya." Alimweleza jinsi kazi yao ilivyo: kila chumba kina ukimya wake, na fundi huuchukua kwanza kabla ya sauti yoyote, ili baadaye auweke chini ya sauti nyingine. Huingia kwa kunyata, watu wanabana pumzi, hakuna anayesema neno.

"Basi nisikilizishe huo ukimya wenu."

Masikio hakuwahi kuusikiliza. Nani husikiliza ukimya? Aliufungua sasa, akapandisha sauti hadi mwisho. Kwanza ulisikika upepo juu ya mabati, kisha mchanga ukichezacheza sakafuni, kisha viatu vya Afande vikihamisha uzito, na nyuma ya hivyo vyote, karibu mno na maikrofoni, kama mtu aliyejibanza pembeni yake akiogopa wageni walioingia nyumbani kwake bila taarifa na bunduki mkononi, sauti ya mwanamke: "Sssh. Sssh, mwanangu. Watapita."

Halafu bunduki ikakokiwa. Halafu ikalia.

Shangazi ndiye aliyezima.

"Alimnyamazisha ili asiwasumbue nyie," alisema. "Mkamuua mara moja, na hilo mlikuwa hamjui. Lakini kilio chake mmekichukua mkakitia kwenye kitu cha kuchezea, watu wamuue kutwa. Mama gani atavumilia?"

Walikwenda studio siku ya mapumziko, jua likiwa utosini. Ofisi ilikuwa tupu na nyaya za spika Masikio alizichomoa kwa mkono wake mwenyewe. Mbele ya mlango wa chumba cha kurekodia Shangazi alisimama, akabisha hodi, akangoja, akabisha tena, akangoja, na katika kungoja huko Masikio alisikia moyo wake, akasikia damu ikipita shingoni, akasikia matone yakidondoka ndani, moja moja, kutoka kwenye sponji hadi zuliani, na alitamani kukimbia lakini alikumbuka kinywa cha Kasuku kikiwa wazi bila sauti, akabaki. Mlango ukafunguka.

"Karibuni," zilisema spika zisizo na umeme. "Nyie mnaobisha baada ya kuingia."

"Pole, dada yangu," alisema Shangazi. "Pole kwa msiba."

Harufu ya maziwa ilizidi hadi macho yakawasha.

"Sikukusudia," Masikio alisema. "Naapa sikukusudia."

"Wangu naye hakukusudia kulia."

Shangazi alimshika mkono mpwa wake asipige magoti. "Sema unachotaka, mama. Tumekuja na masikio."

"Kilio cha wangu mnacho. Sauti ya wake ninayo. Kifuteni mahali pote kilipo, kisilie tena hata mara moja, nami nitamrudishia yake. Mkinidanganya, tutabadilishana."

Masikio alifuta. Alipita kompyuta moja moja, akafuta kilio na nakala za kilio. Mahali pake aliweka sauti yake mwenyewe, akijikamua koo mbele ya maikrofoni kama mtu anayetapika. Kadi ya kinasa sauti aliipeleka kiwandani. Alibisha hodi mlangoni, akasubiri hadi upepo ulipotulia, akaingia, akaifukia chini ya sakafu iliyopasuka, akaomba radhi kwa sauti, peke yake, bila kujali kwamba wapita njia wangemwona kichaa.

Aliporudi nyumbani Kasuku alikuwa kizingitini.

"Baba, umechafuka," alisema.

Mkewe alikaa chini palepale, akalia hadi kanga ikalowa. Kasuku aliwaambia habari zote alizokuwa amezilimbikiza, za vijiko na za viatu, na hakuna aliyemkatiza.

Kazini, Bosi alisikiliza kilio kipya.

"Masikio, huyu si mtu anayekufa. Huyu kakanyagwa kidole."

"Ndicho kilichopo, Bosi. Kile kingine tumekubaliana hakitumiki. Nimekueleza kilichompata mwanangu."

"Sawa, sawa. Mtoto kwanza." Alikubali upesi, na waliomjua Bosi wangeogopa upesi ule. Lakini Masikio alikuwa mtu anayewahi nyumbani kusikiliza porojo za binti yake. Furaha nayo ina uziwi wake.

Siku gemu lilipotoka, walikuwa mezani jioni. Kasuku alikuwa akisimulia kisa kirefu cha paka aliyekataa kuoga. "Basi yule paka akamwambia maji, mimi na wewe..." Sauti ikakatika. Midomo iliendelea. Mikono iliendelea kumchora paka hewani.

Dirishani kwa jirani bunduki ililia. Mwangwi wake Masikio aliujua kama ajuavyo kikohozi cha mkewe. Na pale mwangwi ulipofifia, kutoka spika za jirani, mtoto aliita:

"Baba!"

Ilikuwa sauti ya Kasuku. Kijiko kilimponyoka mkewe.

Bunduki ikalia tena. "Baba!" Na kila sauti ilipotoka kwa jirani, kinywa cha Kasuku hapa mezani kilifunguka, kidogo, kama kinavutwa kwa uzi.

Masikio alimpigia Bosi simu, vidole vikikosea namba.

"Umeweka kilio gani?"

"Kile cha zamani, nilikuwa na nakala yangu," Bosi alicheka. "Mtoto wako si alishapona? Watu hawanunui kidole kilichokanyagwa, bwana. Usiku huu wanatucheza kila mtaa, kesho utanishukuru..." Akanyamaza. Alipozungumza tena hakuwa akizungumza na Masikio. "Nani kamwaga maziwa humu?"

Kiti kilisikika kikisogea. Kisha sauti ya mtu aliyeziba masikio yake akaona haisaidii. Akapiga yowe, na yowe lake likakatika palepale kilipokatika kilio cha kiwandani, kabla halijafika mwisho.

Masikio aliitupa simu, akatoka mbio bila viatu.

"Hodi!" aligonga mlango wa jirani. "Hodi! Zimeni, jamani, zimeni!"

Ndani hawakumsikia kwa milio. Alikimbilia mlango wa pili, "Hodi!", na wa tatu, na ule wa ng'ambo ya barabara, akigonga kwa viganja, kwa ngumi, kwa paji la uso, na kutoka kila nyumba, kwa jirani aliyemwazima nyundo, kwa mwalimu, kwa fundi viatu, bunduki ya Mfiwa ililia na binti yake akamwita, akakatwa, akamwita tena, huku, kule, na kutoka mitaa ya mbali ambako sauti yake ilifika imekonda kama unywele, naye asijue aanzie mlango upi, maana katika kila mlango alikuwa anauawa.

Alisimama katikati ya barabara. Nyumbani kwake, kwenye mwanga wa kizingiti, mkewe alikuwa amempakata Kasuku, na kinywa cha Kasuku kilifunguka na kufungika, kilifunguka na kufungika.

Masikio alifungua kinywa kubisha tena. Harufu ya maziwa ikamjia nyuma ya shingo, na karibu kabisa na sikio lake, kwa upole wa mama anayemtuliza mtoto, mtu akasema:

"Sssh. Watapita."